Ngao ya njano na X nyekundu: maonyo ya usalama baada ya kupandisha kompyuta kwenda Windows 11

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kompyuta ya steshenari Mwanjelwa, ya shule Makambako au ya ofisi Iringa mjini anapandisha kwenda Windows 11, kazi inakwisha salama, halafu kesho yake anakuta ngao ndogo iliyo karibu na saa ina pembetatu ya njano au X nyekundu. Kinachofuata mara nyingi ni kibaya kuliko onyo lenyewe: anazima ulinzi wote ili ngao inyamaze, au anapakua "programu ya kusafisha" ya kwanza anayokutana nayo mtandaoni. Haifai. Kila onyo linatoka sehemu moja mahususi ya ulinzi, na ukishaijua sehemu hiyo, tiba huwa fupi.

Bonyeza ngao. Dirisha la Windows Security litafunguka likiwa na orodha ya sehemu: virusi, akaunti, ukuta wa moto, kivinjari, kifaa. Tafuta iliyo na rangi ya njano au nyekundu, isome neno kwa neno, na ipige picha kwa simu kabla hujabonyeza kitu. Ukibonyeza "Dismiss" onyo linafichika na tatizo linabaki pale pale.

Hakikisha kwanza kwamba onyo ni la Windows

Dalili: ukurasa umejaa kioo kizima, kuna sauti inayopiga kelele, namba ya simu ya kupiga, na maneno kwamba kompyuta imefungwa. Au visanduku vinachomoza pembeni chini kila dakika vikisema virusi vitano vimeonekana.

Huo ni utapeli unaokuja kupitia kivinjari. Maonyo ya Microsoft hayaweki namba ya simu hata siku moja. Shikilia Esc ili ukurasa utoke kwenye kioo kizima. Ikigoma, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, chagua Chrome au Edge, kisha "End task". Ukifungua kivinjari tena, kataa kinapotaka kukurudishia kurasa za awali.

Visanduku vya pembeni vina chanzo kingine: kuna siku mtu alibonyeza "Allow" kwenye tovuti ya mpira au ya filamu za bure. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications sehemu ya anwani, kwenye Edge andika edge://settings/content/notifications, kisha futa kila tovuti usiyoitambua. Kupandisha mfumo hakuondoi ruhusa hizo, maana zimo ndani ya kivinjari.

Ikiwa mtu alishapiga namba ile na kumruhusu mgeni aingie kwa programu ya mbali, chomoa intaneti kwanza. Badilisha manenosiri ya barua pepe na ya benki kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, si hiyo.

Ufunguo wa diski utangulie kila kitu

Baadhi ya tiba zilizo hapa chini zinagusa BIOS, yaani programu ya msingi ya kompyuta inayowaka kabla ya Windows. Kompyuta ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data), au kwa ile "Device encryption" ya Windows Home, ikiona BIOS imebadilishwa inaweza kuwaka kwenye kioo cha bluu ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo hakuna fundi wa Mbeya wala wa Dar es Salaam atakayezirudisha picha na mafaili yako. Kwa hiyo angalia mapema. Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, fungua Terminal yenye neno Admin, andika:

manage-bde -status C:

Ukiona "Protection On", toa ufunguo:

manage-bde -protectors -get C:

Uandike kwenye daftari la ofisi, si kwenye kompyuta hiyo hiyo. Una mafungu 8 ya tarakimu 6, na kuna njia rahisi ya kukagua kama umenakili sawasawa: kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki. Fungu 123453 linagawanyika. Ukikosea ukaandika 123435, kikokotoo cha simu kitakuletea desimali, nawe utajua pa kusahihisha. Hii inasaidia sana pale ufunguo unaposomwa kwa simu kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Kama kioo cha bluu kimeshatokea, chukua simu, fungua aka.ms/myrecoverykey na uingie kwa akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye kompyuta hiyo. Linganisha herufi na namba za mwanzo za "Key ID" iliyo kwenye kioo na zile za kwenye orodha. Hapa ndipo wengi wanapokwama: kompyuta ilipoandaliwa, fundi aliweka akaunti yake mwenyewe ili kazi iende haraka, na ufunguo ukahifadhiwa kwake. Mtafute akuangalizie kwenye akaunti yake. Laptopu iliyotumika, iliyowahi kuwa ya kampuni ya nje, ufunguo wake unaweza kuwa kwa kampuni hiyo. Ikiwa huna kitu chako ndani, futa diski na uweke Windows upya.

Ukishaupata ufunguo, kila unapotaka kuingia BIOS simamisha kwanza ulinzi kwa uwasho mmoja:

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 1

Jambo jingine la kukumbuka: baada ya kupandisha, Windows inatunza toleo la zamani kwa siku 10 tu. Ndani ya siku hizo unaweza kurudi kupitia Settings, System, Recovery, "Go back". Usikimbilie kufuta folda ya Windows.old eti kupata nafasi kabla hujaridhika.

"Memory integrity is off": pembetatu ya njano kwenye Device security

Hili linatokea zaidi kwa mashine zenye umri, na linastahili muda wako.

Memory integrity ni ulinzi unaotumia uwezo wa prosesa wa kutenga eneo la pembeni ili kukagua kila draiva (programu inayoendesha kifaa fulani) inayotaka kuingia kwenye kiini cha mfumo. Draiva iliyoandikwa zamani bila kufuata kanuni hizo haipiti. Windows ikikuta hata moja ya aina hiyo, inaacha ulinzi wote umezimwa ili kompyuta isife, kisha inakuonya. Ndiyo maana onyo linaweza kusababishwa na kifaa ambacho hujakichomeka kwa miaka: kilikwenda, draiva ikabaki, na kupandisha mfumo kukaibeba pamoja na vingine vyote.

Fungua Device security, kisha "Core isolation details". Jaribu kuwasha Memory integrity. Ikikataa, bonyeza "Review incompatible drivers". Utaona majina ya mafaili yanayoishia na .sys. Baadhi yanajulikana kwa sura:

- Yanayoanza na ew_ kwa kawaida ni ya modemu za Huawei, zile za kuchomeka kwenye USB zilizouzwa na mitandao ya simu.
- wdcsam64_prewin8.sys ni ya diski za nje za Western Digital.
- ftdibus.sys ni ya nyaya za FTDI zinazobadilisha USB kuwa mlango wa serial (COM), zinazotumika kwenye mizani na baadhi ya printa za risiti.

Kwa hiyo fikiri kabla ya kufuta. Modemu ambayo haitumiki tena, draiva yake iondoke. Lakini kama waya wa FTDI ndio unaounganisha mzani wa ghala la mahindi au viazi, nenda kwanza ukachukue draiva mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji, uiweke, na ujaribu mzani kabla hujagusa ya zamani.

Kuondoa: kwenye kile kile kisanduku cha draiva zilizokataliwa, bonyeza jina la faili na utaona "Published name", kama oem23.inf. Kama haionekani, toa orodha yote:

pnputil /enum-drivers > C:\draiva.txt

Fungua faili hilo kwa Notepad, tafuta mtengenezaji husika, soma oem namba ngapi. Tengeneza folda C:\nakala, weka humo nakala ya draiva, kisha ndipo ufute:

pnputil /export-driver oem23.inf C:\nakala
pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall

Namba 23 ni mfano tu. Ukikosea namba unaweza kuondoa draiva ya Wi-Fi au ya kioo, na ndiyo sababu ya kuweka nakala. Zima na uwashe upya, rudi Core isolation, washa tena. Ikiwa imekubali, itataka uwashe upya mara nyingine.

Orodha ya draiva ikiwa tupu na bado swichi haikubali, angalia BIOS. Kwenye mashine za Intel uwezo wa kutenga huitwa Intel Virtualization Technology au VT-x. Kwenye za AMD huitwa SVM Mode. Ukikuta umezimwa, uwashe.

Tunashauri kuwasha Memory integrity karibu kila mahali, isipokuwa mahali pamoja. Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kuendelea, lakini zipo kompyuta za kizazi cha 4 hadi cha 6 zilizopandishwa kwa kuruka masharti. Prosesa za Intel kabla ya kizazi cha 7 hazina kifaa cha ndani cha kuirahisishia kazi hii, kwa hiyo mfumo unaiigiza kwa programu na mashine inakuwa nzito. Mashine ya kuchapa barua yenye RAM ya GB 4 inaweza kushindwa kabisa. Kwa mashine kama hiyo tu, bonyeza "Dismiss", na uhakikishe sehemu ya virusi iko sawa.

Onyo la Local Security Authority linalorudi kila ukiwasha

Windows inasema ulinzi wa LSA (Local Security Authority, sehemu inayokagua manenosiri ya kuingilia) umezimwa na kompyuta iwashwe upya. Unawasha upya, na maneno ni yale yale. Kasoro hii ilienea Machi 2023 kupitia sasisho KB5007651. Kwenye Terminal ya Admin:

reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Lsa /v RunAsPPL /t REG_DWORD /d 2 /f
reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Lsa /v RunAsPPLBoot /t REG_DWORD /d 2 /f

Washa upya, kisha fungua Event Viewer, Windows Logs, System, utafute tukio namba 12 la Wininit. Likieleza kwamba LSASS.exe imeanza kama mchakato unaolindwa, ulinzi upo hata kama ngao bado inalalamika. Sasisha Windows na malalamiko yataisha. Usiweke 1 badala ya 2: 1 inafunga mpangilio huo hadi ndani ya BIOS, na kuufungua baadaye ni usumbufu.

X nyekundu kwenye Virus & threat protection

Sababu ni tatu, na zinatofautiana sana kwa uzito.

Ya kwanza ni antivairasi ya majaribio iliyokuja na kompyuta na muda wake umekwisha. Haikulindi, na imemzuia Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, asichukue nafasi. Iondoe kupitia Settings, Apps, "Installed apps", kisha uendeshe kifaa cha kuondoa mabaki kutoka kwa kampuni ile ile iliyoitengeneza, na uwashe upya. Defender atajiwasha mwenyewe.

Ya pili ni bando. Mtu aliweka hotspot ya simu yake kuwa "Metered connection" ili data isiliwe, na sasa orodha ya virusi haijasasishwa kwa wiki kadhaa. Ruhusu orodha hiyo peke yake ipite, kwenye PowerShell ya Admin (ndani ya Terminal ile ile):

Set-MpPreference -MeteredConnectionUpdates $true
Update-MpSignature

Kwa maabara ya shule yenye kompyuta nyingi na mtandao wa kusuasua, pakua mara moja faili la mpam-fe.exe la biti 64 kutoka tovuti ya Microsoft Security Intelligence, ulibebe kwa flashi, na uliendeshe kwenye kila mashine. Lina zaidi ya megabaiti 100, kwa hiyo kulipakua mara moja badala ya mara ishirini kuna maana. Lipakue siku ile ile unayolitumia, kwa kuwa linapitwa na wakati haraka.

Ya tatu ndiyo nzito. Defender anataja HackTool:Win32/AutoKMS au jina linalofanana nalo. Hiyo ni programu ya kuamilisha Windows au Office bila leseni. Yenyewe si lazima iwe inaiba kitu, ila anayeiweka huwa anamwambia Defender asiangalie sehemu fulani za diski, na mlango huo unabaki wazi kwa kila kitakachokuja baadaye. Uangalie:

Get-MpPreference | Select-Object -ExpandProperty ExclusionPath

Ukiona C:\ nzima, au folda usiyoielewa, iondoe:

Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\"

Kisha chagua "Scan options", "Microsoft Defender Antivirus offline scan". Kompyuta itajizima na kukagua kabla Windows haijawaka, kwa takribani dakika 15. Laptopu iwe na chaji. Mashine ya mezani isifanyiwe hivyo radi inaponguruma na umeme unakatika-katika.

"Your connection is not private" kwenye kila tovuti

Kama ni kila tovuti, tazama saa kabla ya kitu kingine. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani tuko 2015 inavikataa vyote. Msimbo unaoonekana ni NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Mwanafunzi anakuja steshenari kuomba mkopo wa HESLB siku za mwisho, tovuti haifunguki, na lawama inakwenda kwa intaneti.

Wakati wa kupandisha, mashine inazimika na kuwaka mara kadhaa. Umeme ukikatika katikati na betri ndogo ya mazabodi imechoka, saa inarudi nyuma. Betri hiyo ni CR2032 ya volti 3. Ipo kwa mafundi saa na wauza rimoti za magari. Ikipimwa na kuonyesha chini ya volti 2.7, ibadilishe. Betri iliyochoka inazidi kushuka kwenye baridi, hivyo mashine ya Njombe au Makete inaweza kupoteza saa asubuhi za Juni na Julai na kuonekana nzima mchana. Chomoa waya wa umeme kabla ya kuifungua. Kubadilisha betri kunaweza kurudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, kwa hiyo lile daftari lenye ufunguo wa diski liwe karibu.

Baada ya hapo weka tarehe na saa kwa mkono kwanza, maana huduma ya saa ya Windows inaweza kukataa kurekebisha tofauti iliyopita saa 15. Kisha:

tzutil /s "E. Africa Standard Time"
net start w32time
w32tm /resync

Ikiwa saa ni sahihi na msimbo ni NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, shuku mabaki ya antivairasi iliyokuwa ikikagua kurasa za https, au Wi-Fi ya hoteli inayotaka uingie kwanza kwenye ukurasa wake. Usilazimishe kupita onyo hilo kwenye tovuti ya benki.

"Standard hardware security not supported"

Andika msinfo32 kwenye Start. Tazama "BIOS Mode" na "Secure Boot State". BIOS ikiwa UEFI (aina ya kisasa) na Secure Boot, ukaguzi wa kinachowashwa kabla ya Windows, iko Off, iwashe ndani ya BIOS, pamoja na TPM, sehemu inayotunza funguo za siri, ambayo kwa Intel huitwa PTT na kwa AMD fTPM. BIOS Mode ikiwa Legacy, usiguse swichi bado: diski ya MBR (mpangilio wa zamani wa diski) haitawaka kwa UEFI. Hifadhi mafaili nje, kagua, na uibadilishe diski kuwa GPT, mpangilio mpya, pale tu ukaguzi unapofaulu:

mbr2gpt /validate /allowFullOS
mbr2gpt /convert /allowFullOS

Ndipo uingie BIOS na kuweka UEFI.

Folda ya pamoja na skana ya fotokopi zimekataa

Windows 11 toleo la 24H2, iliyotoka Oktoba 2024, ilikaza sheria za mtandao wa ndani kwenye matoleo ya Pro. Folda iliyokuwa wazi kwa kila mtu sasa inaleta maneno kwamba sera za usalama za taasisi yako zinazuia wageni wasiojitambulisha, hata kama ofisi yenyewe ni meza mbili. Fotokopi mashine iliyokuwa ikituma skani kwenye folda inaandika kosa la muunganisho.

Tiba ya kudumu ni kuacha ugeni. Kwenye kompyuta yenye folda, tengeneza mtumiaji wa kazi hiyo:

net user skana * /add

Itakuuliza nenosiri, ukiandika herufi hazionekani. Mpe mtumiaji skana haki ya kusoma na kuandika kwenye folda hiyo, hakikisha mtandao umewekwa "Private" na si "Public", kisha andika jina na nenosiri hilo kwenye kompyuta nyingine na kwenye kitabu cha anwani cha fotokopi. Jina liandikwe pamoja na jina la kompyuta, kwa mfano OFISI1\skana.

Fotokopi ikiendelea kukataa, ingia kwenye mipangilio yake ya mtandao utafute SMB (lugha ya Windows ya kushirikisha folda mtandaoni) na uchague toleo la 2 au 3. Mashine nzuri kidogo zinalo, ila limezimwa. Kama mashine inakubali toleo la 2 lakini haiwezi kusaini mawasiliano, punguza sharti hilo kwenye kompyuta moja tu inayopokea skani:

Set-SmbServerConfiguration -RequireSecuritySignature $false

Mashine inayojua SMB1 peke yake isiwashiwe SMB1 kwenye Windows. WannaCry ilisambaa Mei 2017 kupitia udhaifu wa SMB1, kompyuta moja ikiiambukiza nyingine bila mtu kubonyeza chochote. Skani kwa flashi, au tumia FTP kama fotokopi inayo, hadi ofisi ipate mashine nyingine.